Picha Zinakwenda Wapi?

Jumapili moja tukitoka ibadani hapa Yeoville, Johannesburg, mama mmoja wa umri wa mama yangu alinishika mkono. Hakuwa na hasira. Alinishika kama mtu anavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. “Mwanangu,” akaniambia, “huu mwaka wa pili nakaa hapa mlangoni nagawa vitabu vya nyimbo, na kila Jumapili unanipiga picha. Hizo picha zinakwenda wapi?”

Nilishindwa kumjibu. Nyingine zilikuwa kwenye simu, nyingine kwenye kadi ya kamera, nyingine kwenye kompyuta ya zamani iliyogoma kuwaka tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Nilipofika nyumbani nilikaa nikahesabu. Nilikuwa na picha zaidi ya elfu tatu za watu wa kanisa letu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na yake mkononi. Yule mama nilimkuta kwenye picha kumi na moja. Katika tisa yuko pembeni, nusu bega, nyuma ya mtu mwingine. Katika mbili tu uso wake unaonekana, na moja kati ya hizo amefumba macho.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, na yote nitakayosema hapa yanalizunguka hilo: picha haijamalizika mpaka imfikie aliyepigwa. Namwandikia ndugu yangu Mkristo mwenye nyumba, watoto na kazi ya kumchosha, ambaye kamera imemwingia moyoni na hajui aiweke wapi katikati ya Mungu, familia na mfuko wake. Mimi nashona mapazia. Nilizaliwa Kigoma, mume wangu ni mtu wa Uvira, Kongo, na watoto wetu watatu wamezaliwa hapa. Kupiga picha sikusomea darasani. Nimejifunza kwa kukosea, na kwa kuwatazama waliotangulia, maana jiji hili limejaa waliotangulia.

Ukishuka kutoka Hillbrow kwenda katikati ya jiji utapita Joubert Park, bustani iliyo jirani na jumba la sanaa la Johannesburg. Kwa miongo mingi wapiga picha wa mitaani wamefanya kazi pale, kila mtu na sehemu yake. Mteja anakuja na nguo zake nzuri, anasimama mbele ya maua, anapigwa, na picha inasafiri kwenda kijijini, au Zimbabwe, au Msumbiji, ili mama aone kwamba mwanawe yuko hai na amenenepa. Msanii Terry Kurgan alipofanya kazi na wapiga picha hao mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuta wametunza picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mtu alipigwa, akapotelea jijini, na uso wake ukabaki kwenye mfuko wa mgeni. Huwa nawafikiria sana watu hao. Lakini wale wapiga picha angalau walizisafisha, wakazibeba, wakangoja. Mimi sikuwa nimesafisha hata moja.

Basi anza nyumbani. Anayenunua kamera ya kwanza hutamani simba wa mbugani, au mnara wa Hillbrow wakati wa magharibi. Acha kwanza. Anza na meza yako ya kulia, na sufuria yako, na watu ambao Mungu amekuwekea mbele ya macho kila siku mpaka umeacha kuwaona. Kama unasita ukidhani huu ni upuuzi usiomfaa mwamini, fungua Kutoka sura ya 31 umsome Bezaleli. Huyo hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao, na Maandiko yanasema alijazwa Roho wa Mungu kwa kazi hiyohiyo ya mikono. Na wapo wazee wanaoniuliza kuhusu amri ya sanamu. Nawajibu kwa heshima kwamba amri ile inahusu kile tunachokiinamia. Ila swali lao silitupi, kwa sababu simu inaweza kuinamiwa, na wengi wetu tunaiinamia saa nyingi kuliko tunavyoinamisha kichwa kuomba.

Nyumbani, somo la kwanza ni dirisha. Sisi tuliotoka karibu na Ikweta jua la hapa linatuchanganya. Kigoma au Dar es Salaam jua la mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima, linachimba vivuli chini ya macho, na mtu mzuri anatoka kama mgonjwa. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Mchana jua liko upande wa kaskazini, na mwezi Juni hata saa sita halifiki nusu ya njia kwenda utosini. Maana yake ni kwamba dirisha linalotazama kaskazini litakuletea jua ndani ya chumba majira yote ya baridi, na linalotazama kusini litakupa mwanga mpole usio na jua kali karibu siku nzima. Uliza kwanza fleti yako imeelekea wapi, ndipo uulize bei ya lenzi.

Hapa ushonaji umenisaidia. Pazia la neti, lile jepesi jeupe ambalo watu hulidharau, ni kifaa bora cha picha kuliko flashi yoyote niliyowahi kushika. Jua likiingia kali dirishani, shusha neti, mkalishe mtoto hatua mbili kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea mwanga. Zima taa ya juu. Subiri aache kupozi. Mtoto akijua anapigwa atakupa meno. Mpe karanga azibambue, na baada ya dakika tano atakupa uso. Na mvua za kiangazi zisikukatishe tamaa. Kuanzia Oktoba hadi Machi mawingu hujikusanya mchana, radi inapiga, mara nyingine na mvua ya mawe, na dakika chache baada ya mvua kupita kuna mwanga wa dhahabu unaopiga kuta za matofali upande wa mashariki. Mara nyingi haudumu robo saa. Wapeleke watoto barazani upesi.

Nitakueleza picha moja niliyoipiga nyumbani, kwa sababu ndiyo niipendayo kuliko zote. Ni Jumamosi usiku. Mume wangu amekaa sakafuni jikoni, ametandika gazeti, na juu ya gazeti viatu vya Jumapili vimepangwa mstarini kuanzia kikubwa hadi kidogo. Amevaa soksi kuukuu mkononi kama glovu, vidole viwili vimetumbukia kwenye kopo la Kiwi. Kiatu cha mwisho, cha kitinda mimba wetu, kinatosha kwenye kiganja chake. Anakipiga rangi kwa kuzungusha kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Hakujua kwamba nipo mlangoni. Nilipiga mara mbili tu nikaishusha simu nikakaa kumtazama. Miaka kumi na tano ya ndoa, na sikuwahi kuona kwamba viatu huanzia kwake. Mimi niliviona vimeshang’aa asubuhi, nikadhani ni mambo yanayojitokea tu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kamera nyumbani. Inakulazimisha usimame mahali pamoja mpaka umwone mtu akifanya jambo lake, na ukishaona huwezi kurudi kutoona, wala kuacha kushukuru.

Mpe na mtoto kamera. Simu ya zamani isiyo na laini inatosha. Kitinda mimba wetu alipokuwa na miaka sita nilimpa simu ya namna hiyo siku nzima, jioni tukaangalia alichokiona. Kulikuwa na picha ishirini na mbili. Paka wa jirani, mguu wa meza, nusu ya uso wa kaka yake. Na picha kumi na nne za mgongo wangu, niko kwenye cherehani. Mgongo wangu asubuhi, mgongo wangu mchana, mgongo wangu taa imewashwa. Hakuwa ananishtaki, alipiga alichokiona. Nilimkumbatia, na juma lile nikahamisha cherehani. Sasa nashona nimeelekea sebule.

Tuje kanisani, ambako wengi tunakosea. Vikanisa vyetu hapa mara nyingi ni ukumbi wa kupanga, au ghorofa ya pili juu ya duka, taa ndefu za mirija, kuta za kijani, na kwaya imevaa nyeupe. Zile taa humeta mara mia kwa sekunde kwa umeme wa hapa, hata kama jicho halioni. Ukiweka kasi kubwa kwenye kamera utapata mistari ya giza imepita katikati ya kwaya. Weka sehemu ya mia ya sekunde, au ya hamsini kama watu wametulia, na mistari itapungua sana. Kuhusu nguo nyeupe: kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zetu nyeusi zinageuka kivuli kitupu. Pima mwanga kwa uso, siyo kwa gauni. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha upandishe mwanga kidogo kwa kidole. Afadhali gauni lipoteze mikunjo yake kuliko mama wa watu apoteze uso. Flashi usiiwashe kabisa wakati wa ibada. Inakata maombi ya mtu kama mlango uliopigwa na upepo.

Ruhusa ya mchungaji ni ya lazima, lakini haitoshi. Mwulize na mtu mwenyewe. Kuna wakati hata ukipewa ruhusa na wote wawili, kamera inapaswa kukaa chini ya kiti: meza ya Bwana, mtu anapotubu, mtu anapolia. Na pale mtoto wako mwenyewe anaposimama mbele. Hili nimelilipia. Binti yetu alipewa mstari wa kusema siku ya watoto, alijifunza wiki mbili, jikoni, bafuni, kwenye teksi. Siku ilipofika nilikuwa nimepiga goti mbele ya madhabahu, najaribu pembe hii na ile. Picha zilitoka nzuri sana. Usiku akaniuliza, “Mama, nilipokosea katikati ukanisikia nilivyorudia?” Nilikuwa sijasikia. Sikusikia kosa wala marudio. Siku hizi wanangu wakisimama mbele, namwomba kijana mmoja wa kwaya apige, nami nakaa kitini mikono mitupu.

Kuna jambo lingine kanisani ambalo ni zito zaidi. Makanisa yetu ya Waswahili hapa yamejaa watu waliokimbia. Kuna aliyekimbia vita Kivu, kuna aliyemkimbia mume, kuna ambaye faili lake la ukimbizi bado halijaamuliwa. Na kila anayeishi hapa anakumbuka Mei 2008, pale mashambulizi dhidi ya wageni yalipoanzia Alexandra yakasambaa hadi miji mingine, watu zaidi ya 60 wakauawa na maelfu wakakimbia vyumba vyao. Kanisa la Central Methodist katikati ya jiji lililaza wageni kwenye ngazi na korido zake kwa miaka. Kwa hiyo ukiweka mtandaoni picha ya kwaya, na jina la kanisa, na mtaa, na saa ya ibada, huenda umemwonyesha mtu njia ya kumfikia yule aliyetumia miaka mitano kujificha. Mimi sasa siweki mtandaoni uso wa mtu mzima bila idhini yake, na uso wa mtoto bila idhini ya mzazi. Wengine wanakubali wapigwe lakini wanaomba picha ibaki karatasi. Nawapa karatasi, nafuta kwenye simu wakiona kwa macho yao.

Ikitokea kanisa au bwana harusi anataka kukulipa, mwandikiane kabla. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya hapa ya mwaka 1978, anayeagiza picha na kuilipia ndiye mwenye haki nayo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wengi huligundua hilo wakati urafiki umeshavunjika.

Kama unataka kuona kazi ya mtu aliyeipiga imani bila kuidhalilisha, tafuta picha za Santu Mofokeng. Alizaliwa Soweto mwaka 1956, akaanza ujanani kama mpiga picha wa mitaani, akafariki mwaka 2020. Mwaka 1986 alipiga picha ndani ya treni zinazobeba wafanyakazi kati ya Soweto na Johannesburg, ambamo abiria waligeuza behewa kuwa kanisa: wanaimba, wanahubiri, wanapiga kuta za treni kama ngoma. Ukizitazama unaona kwamba hakuwa mgeni mle. Alikuwa abiria kabla ya kuwa mpiga picha. Mikono iko karibu, jasho liko karibu, hakuna anayemkodolea macho. Baadaye, katika kitabu cha wageni cha maonyesho yake, mtu aliandika kwa uchungu akimlaumu kwamba anachuma pesa kwa watu weusi. Angeweza kukasirika. Yeye alilibeba swali lile, akaanza kwenda kwenye nyumba za watu akiuliza picha zao wenyewe, zile familia za Kiafrika zilizolipia studio kati ya 1890 na 1950: wanaume wenye tai, wanawake wenye kola ndefu, wengi wao watu wa misheni, picha zilizolala kwenye masanduku na kuning’inia kwenye kuta. Akazikusanya, akazitengeneza upya, akatafuta majina. Naona kama alisikia swali lilelile alilonishika nalo yule mama mlangoni.

Sasa niseme kuhusu muda na pesa, maana ndoa haivunjwi na kamera ila na kinachofichwa nyuma yake. Kiswahili chetu kina neno uraibu. Shuleni Kenya wanalitumia kwa lile jambo unalolipenda wakati wa mapumziko, na neno hilohilo ndilo la tumbaku na pombe kwa asiyeweza kuziacha. Sijui neno lililo kweli zaidi. Mwaka wangu wa kwanza na kamera nilikuwa nakaa hadi saa saba usiku nikirekebisha rangi za picha, mume wangu akilala peke yake, na nilikuwa nimemficha bei ya lenzi. Pesa ile ilitoka kwenye zamu yangu ya upatu, ambao wenyeji hapa huuita stokvel, na ilikuwa imekusudiwa ada ya shule. Aliijua bei kupitia risiti iliyokuwa ndani ya Biblia yangu. Hakupiga kelele. Aliiweka risiti mezani akaenda kazini.

Tuliongea siku tatu baadaye, na tulichokubaliana bado kinatulinda. Kifaa chochote kinachozidi bei ya mboga za wiki tunakizungumza kwanza, tena naanza mimi, siyo yeye anigundue. Kamera ya pili nilinunua iliyotumika, nilipokuwa nimefikia kikomo cha ile ya kwanza kweli, siyo nilipoona ya mwenzangu. Jumamosi mchana muda wa saa mbili ni wangu na hakuna anayenidai chochote. Saa tatu usiku kila kioo kinazimwa, tunasoma sura moja, tunaomba. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba picha zangu ziliboreka. Mwenye saa mbili tu kwa wiki hapigi ovyo.

Saa hizo mbili mara nyingi tunatoka wote. Kwa mgeni wa Johannesburg usalama ndio swali la kwanza, na ni swali la haki. Usivae kamera shingoni barabarani. Ibebe kwenye mfuko wa kawaida wa sokoni, juu yake weka kitenge. Tembeeni wengi, asubuhi, na mahali usipopajua nenda na mwenyeji. Picha za Yeoville usiku waachie wengine.

Melville Koppies ni pazuri kwa watoto, kilima cha mawe na nyasi ndani ya jiji. Jumapili utawakuta pale waumini wa makanisa ya Kisayuni na Kitume, kanzu nyeupe, kijani, buluu, wanaabudu chini ya miti. Usiwapige kwa mbali na lenzi ndefu kama wanyama wa mbugani. Wasogelee, wasalimie, “Sanibonani,” uulize kama unaweza kukaa. Wengine huvua viatu mahali pa ibada, vua nawe. Wakisema hapana kuhusu picha, umepata ibada bure. Na kama unaalikwa kupiga ubatizo mtoni wakati wa kiangazi, tazama anga la upande mto unakotoka, siyo lililo juu ya kichwa chako. Tarehe 3 Desemba 2022 mafuriko ya ghafla kwenye Mto Jukskei yaliwazoa waumini waliokuwa kwenye ibada mtoni, na zaidi ya kumi walifariki. Hakuna picha inayostahili kusubiriwa maji yakianza kubadilika rangi. Watoe watoto kwanza.

Wapeleke watoto pia Soweto, kanisa la Regina Mundi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi walioandamana wakakimbia risasi za polisi waliingia mle, polisi wakawafuata ndani. Matundu ya risasi bado yapo, na madhabahu ya marumaru ina kona iliyovunjika. Kijana wetu mkubwa alisimama chini ya tundu moja la dari muda mrefu. Nilitaka kumpiga picha, nikaona hapana. Baadaye tulikwenda Orlando West kwenye makumbusho ya Hector Pieterson, tukaona ile picha ya Sam Nzima inayojulikana dunia nzima, kijana amembeba Hector, mtoto aliyepigwa risasi siku ile, na dada wa Hector anakimbia kando. Nzima aliificha filamu ile kwenye soksi polisi wasiipate. Kijana wangu aliuliza kama yule dada alipewa picha. Sikuweza kumjibu hapo hapo, lakini nilifurahi kwamba ndilo swali lililomjia.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi, David Goldblatt, aliyepiga makanisa ya nchi hii, jengo kwa jengo, na kusoma ndani yake jinsi watu walivyoishi, alianzisha Market Photo Workshop mwaka 1989 ili vijana waliofungiwa milango na ubaguzi wapate kujifunza. Iko Newtown. Nenda uone kazi za wanafunzi ukutani.

Yaliyobaki ni karatasi. Chapisha. Picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 husafishwa kwa randi chache tu kwenye maduka ya picha. Mwisho wa kila mwezi nachagua kumi, si zaidi, tukiwa mezani wote watano, na kila mtu ana kura moja. Sita zinaingia kwenye albamu, nne zinakwenda kwa watu. Nyuma naandika kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina kamili, mahali, tarehe, na kilichokuwa kikiendelea. Usiandike “bibi na watoto”. Bibi gani? Baada ya miaka arobaini hakuna atakayejua. Picha za elektroniki zitunze sehemu mbili tofauti, maana simu ya Johannesburg ni ya kwako mpaka itakapochukuliwa.

Na zile za zamani zilizobaki nyumbani, za studio, baba amesimama amevaa koti la kuazima, mama ameshika maua ya plastiki: mwombe mtu wa Kigoma, au Bukavu, au Mombasa, azipige upya kwa simu kwenye kivuli, karibu na mlango, bila flashi, akutumie. Halafu mpigie mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye ukoo, umwulize majina huku ukiandika. Sisi tulifanya hivyo na mama mkwe. Ilichukua jioni nne. Kwenye Yoshua sura ya 4 Waisraeli waliokwisha kuvuka Yordani waliambiwa wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, ili siku moja watoto wao waulize mawe haya ni ya nini. Watoto wetu wamezaliwa ng’ambo ya mito mingi. Albamu yetu iko kwenye rafu ya chini, wanapoweza kuifikia bila kuomba.

Yule mama wa mlangoni nilimfuata kwake Jumamosi iliyofuata. Anakaa chumba kimoja Bertrams. Nilimwomba asogeze kiti karibu na dirisha, nikashusha neti yake mwenyewe, akavaa kitenge alichokitaka yeye, akakaa anavyotaka yeye, bila kutabasamu, mikono magotini. Nilipompelekea picha aliishika kwa kingo ili isipate alama za vidole. Akataka mbili, moja abaki nayo, nyingine iende Uvira kwa dada yake ambaye hawajaonana tangu 1996. Tulikuwa tumepata dereva wa kuipeleka hadi Lusaka na mtu wa kuipokea kule. Aliniambia niandike nyuma, “Niko mzima.” Kisha akaniomba penseli, akaiinamia picha, akaongeza mwenyewe tarehe.